Kozi ya Bunduki Niliyoilipia Mara Mbili

Nilifeli mtihani wa vitendo kwa sababu ya kugeuka. Msimamizi aliniambia niichukue shotigani ya pampu iliyokuwa mezani, nihakikishe haina risasi, kisha nimkabidhi. Nikaichukua vizuri, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea ukutani. Alipoanza kunisemesha nikamgeukia mzima mzima, kama nilivyolelewa: mkubwa akikusemesha, mpe uso. Mtutu nao ukageuka pamoja na kifua changu na kupita usawa wa tumbo lake, na kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya kifyatulio. Hakufoka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Iweke mezani taratibu, bwana."

Hiyo ilikuwa Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Mtihani wa maandishi nilikuwa nimepata 46 kati ya 50. Nilijua majibu, ila mikono yangu haikuwa imefundishwa kitu.

Nayaandika haya kwa sababu kila msimu wa kuwinda paa unapokaribia, ndugu zetu huku wananiuliza kozi ipi ni rahisi na ya haraka. Nimeshajibu kwenye simu hadi nimechoka. Nikiijibu vizuri mara moja hapa, pengine kuna mtu ataokoa pesa zake, na pengine tumbo la mwenzake.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Kanada huruhusiwi kumiliki bunduki bila leseni, ambayo huku wote wanaiita PAL. Sheria inayosimamia jambo hili ilipitishwa mwaka 1995, miaka sita baada ya mtu mmoja kuingia na bunduki kwenye chuo cha École Polytechnique mjini Montréal, tarehe 6 Desemba 1989, na kuua wanawake 14. Kwa leseni ya kwanza lazima uhudhurie kozi ya usalama inayoitwa CFSC, kisha ufaulu mitihani miwili, wa maandishi na wa vitendo, kila mmoja kwa asilimia 80. Zamani mtu aliyejiona mjuzi aliweza kuruka darasa akafanya mtihani tu. Tangu 2015 mlango huo umefungwa, hata kama ulikuwa askari kwenu. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuuzia cheti kwa intaneti bila wewe kugusa bunduki mbele ya mwalimu, huyo anakuibia.

Kitabu cha kozi, mitihani na alama ni vilevile nchi nzima. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, nami nilidanganyika. Nilijiambia: kama mtihani ni mmoja, kwa nini nisichukue ya bei ya chini? Nikalipia kozi ya siku moja. Tulikuwa zaidi ya ishirini kwenye ukumbi wa kukodi, na bunduki zilikuwa kwenye meza mbili. Mwalimu alikuwa mcheshi, msimulizi hodari wa habari za uwindaji, na saa zilikwenda. Kila aina ya bunduki niliishika mara moja, labda dakika mbili, huku watu watano wakinisubiri nyuma. Jioni mtihani, na kilichotokea nimeshakieleza.

Mfanyakazi mwenzangu, mtu wa makamo aliyezaliwa na kukulia kwenye mashamba ya ngano, ndiye aliyeniambia kosa langu. Aliniuliza swali moja tu: "Ile raifo ya bolti uliifungua mara ngapi?" Nikasema mara moja. Akatikisa kichwa, akaniandikia namba ya mwalimu mwingine.

Huyo wa pili nilimpigia kabla ya kulipa, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Nilimuuliza darasa lake lina watu wangapi na seti ngapi za bunduki. Akasema huchukua watu wanane, na kila wawili wana meza yao. Nikamuuliza kozi ni muda gani. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na mtihani wa vitendo ni Jumapili mchana, mtu mmoja mmoja. Nikamuuliza mtu akifeli inakuwaje. Akasema anarudi wiki inayofuata, anakaa naye saa moja bila malipo, kisha anaurudia mtihani.

Kilichonivuta zaidi ni maswali yake mwenyewe. Aliuliza kama nimewahi kushika bunduki, na ya aina gani. Nikamweleza kwamba nimekulia upande wa Sikonge, Tabora, na babu yangu alikuwa na gobore. Akasema vizuri, hiyo hupakiwa kupitia mdomo wa mtutu, lakini nilete mazoea yangu yote mezani ili tuyaangalie moja moja. Kisha akauliza kama Kiingereza cha kitabu kinanisumbua. Nikasema maneno ya vyuma ndiyo yananishinda. Akanishauri nikipate kitabu wiki mbili kabla, na kila chombo nikiandike jina kwa lugha yangu pembeni. Mwalimu anayekuuliza hivyo kabla hajaona senti yako, mshike. (Kitabu kipo kwa Kiingereza na Kifaransa. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa vizuri zaidi, ombeni cha Kifaransa, na muulize mapema kama mwalimu anafundisha kwa lugha hiyo.)

Jumamosi ilianza na herufi nne, ACTS. Kila herufi ni amri moja: chukulia kila bunduki ina risasi, utawale mdomo wa mtutu muda wote, kidole kikae nje ya kifyatulio na nje ya kikingio chake, hakikisha bunduki ni tupu. Kuhakikisha nako kuna hatua tano: elekeza mtutu upande ulio salama zaidi, toa risasi zote, tazama chemba, kagua njia inayopitisha risasi, chungulia ndani ya mtutu. Ukumbi wa kwanza tulizisoma ukutani. Huyu wa pili alitufanya tuzitamke kwa sauti huku mikono ikifanya, bunduki baada ya bunduki: ya bolti, ya leva, ya pampu, inayojikoki yenyewe, na ile inayokunjika katikati. Bunduki za darasani zimeharibiwa makusudi zisiweze kufyatua, na risasi ni za bandia, lakini ukiielekeza kwa mwenzako alikusimamisha, ukaiweka chini na kuanza upya. Mimi alinisimamisha mara saba asubuhi ile, na mara zote saba nilikuwa nageuka kumtazama msemaji. Mara ya nane nikabaki nimetazama ukuta, nikamjibu kwa kisogo. Nilijiona mkosefu wa adabu, naye akanipiga bega.

Kuna jambo moja alilotuonyesha ambalo hadi leo hunisisimua mwili. Alichukua mtutu wa shotigani ya geji 12, akatoa mfukoni risasi mbili za marisau, moja nyekundu na moja ya njano. Ya njano ni ya geji 20, nyembamba kidogo. Akaidondosha ndani ya chemba. Tuliisikia ikiteleza, kisha kimya. Ilipita chemba na kunasa mbele yake, mahali ambapo ukitazama kwa haraka unaona giza tu. Kisha akaingiza ile nyekundu nyuma yake, na ikaingia kama kawaida. "Mwindaji amevuta kifyatulio, hakikulia kitu," akasema, "kwa sababu ile ya njano haikufikiwa. Anadhani hakupakia. Anapakia tena." Mtutu hupasuka pale pale mkono wa kushoto unapoushikilia. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano, zisichanganyike na nyingine mfukoni. Akaupitisha ule mtutu mkono kwa mkono, kila mmoja wetu akachungulia hadi akaiona ile njano kwa macho yake. Darasa la kwanza jambo hili lilikuwa mstari mmoja kitabuni, nami nililijibu sawasawa kwenye mtihani bila kulielewa.

Nilimkumbuka babu. Gobore lake lilikuwa likitundikwa juu ya mlango likiwa limeshapakiwa, tayari kwa nguruwe pori wa usiku. Binamu yangu alilichokoza siku moja tukiwa watoto. Marisau yalitoboa paa la bati na hayakumgusa mtu, lakini mlio ule niliusikia masikioni siku mbili nzima. Babu alisema, "Nilidhani ni tupu." Alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliowajua, ila hakuna aliyewahi kumfundisha kuchungulia.

Kwa hiyo ukitafuta kozi, nenda kwanza kwa mwalimu aliyeidhinishwa na Ofisa Mkuu wa Silaha wa jimbo lako. Hapa Alberta chama cha walimu wa elimu ya uwindaji, AHEIA, kina vituo Edmonton na Calgary, na kuna walimu binafsi wengi. Ontario huendeshwa kupitia shirika liitwalo FSESO. Ukishajua nani ameidhinishwa, idadi ya watu kwa kila meza iwe swali lako la kwanza, na bei iwe la mwisho. Kama una nia ya kuwinda, uliza pia kama wanafundisha kozi ya uwindaji pamoja na hii, maana leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kuwinda. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Mtakutana pia na wanaouza kozi mbili kwa pamoja, ya pili ikiwa ya silaha zenye masharti zaidi, hasa bastola. Mimi nasema usilipie kwa mkumbo. Tangu tarehe 21 Oktoba 2022 mtu binafsi hawezi kununua wala kuuziwa bastola nchini humu, isipokuwa wachache waliotajwa na sheria. Anayetaka raifo ya kuwindia paa, ya kwanza inamtosha. Na kama unachotafuta ni kujifunza kupambana na wezi, kozi hizi hazifundishi hilo kabisa, na sioni vibaya kukuambia usiende.

Baada ya kufaulu kuna fomu, na fomu ina mambo mawili yanayowakwamisha watu wetu. La kwanza ni wadhamini wawili wanaokufahamu kwa angalau miaka mitatu. Ukiwa umefika juzi, fikiria mapema nani atakusimamia. La pili ni mwenzi wako. Kuna sehemu ya yeye kutia sahihi, na asipotia, ofisi ina wajibu wa kumjulisha. Hata uliyeachana naye ndani ya miaka miwili iliyopita unamtaja.

Nilimletea mke wangu fomu mezani nikidhani ni sahihi tu. Akaisoma yote. "Baba watoto," akasema, "kabla sijaweka kalamu, nionyeshe itakaa wapi." Tukashuka chini ya nyumba. Nikamwonyesha kasha la chuma nililokuwa nimelifunga ukutani kwa bolti nne, na kisanduku kingine cha risasi, chenye kufuli lake. Sheria inataka bunduki ihifadhiwe ikiwa tupu na imefungwa, na risasi zisiwe karibu nayo isipokuwa nazo zimefungiwa kwa kufuli. Akauliza funguo. Nikamwambia nitazitundika nyuma ya kabati la jikoni. Akakataa, kwa sababu watoto wanapanda kila kabati la jikoni. Ndiyo nikanunua kasha la namba za siri, na sahihi nikaipata wiki iliyofuata. Muombaji wa mara ya kwanza husubiri si chini ya siku 28, kwa hiyo anza mapema. Mtu anayelipia kozi Oktoba akitaka kuwinda Novemba atabaki nyumbani akila kuku.

Novemba yangu ya kwanza porini, tulifika kwenye uzio wa seng'enge. Mwenzangu wa mashamba ya ngano alisimama bila kusema neno, akingoja aone nitafanya nini. Nikatoa risasi, nikaacha chemba wazi, nikailaza raifo chini ya waya wa mwisho, mdomo ukiwa umetazama mbali nasi, kisha nikavuka hatua chache kando yake na kwenda kuichukua upande wa pili. Kabla ya kupakia tena nilichungulia mtutu. Kulikuwa na theluji, ndogo kama punje ya mchele, mdomoni kabisa. Niliisafisha nikiwa nimepiga goti kwenye baridi, vidole vikiuma, na sikuona haja ya kuharakisha.

Binti yangu anafikisha miaka 12 mwezi wa pili. Kuanzia umri huo mtoto anaweza kufanya kozi hii na kuomba leseni ya watoto, ambayo haimruhusu kununua bunduki bali kuazima ya kuwindia au kulengea shabaha. Ameniomba mwenyewe. Nimempigia mwalimu wangu wa pili kumwekea nafasi. Hakuniuliza kama nitalipa kwa kadi au taslimu. Aliniomba nimpime binti urefu wa mkono, kutoka begani hadi ncha ya kidole, kwa sababu ana raifo moja yenye kitako kifupi na anataka kujua kama itamfaa au aazime nyingine.