Programu ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Lugha: Kuifundisha Kompyuta Wingi wa Nomino

Wengi wetu tulipochagua masomo ya lugha tulidhani tumeagana na hesabu na mashine. Kisha hufika kazi ya kumaliza masomo: kurasa mia na zaidi za mahojiano yaliyonakiliwa huko Katuba au Kamalondo, na mwalimu msimamizi anauliza, "Kiambishi hiki kimetokea mara ngapi?" Anayehesabu kwa kidole hupotea njiani na kuanza upya. Makala haya ni somo la kwanza la kuandika programu, kwa mtu asiyejua lolote katika fani hiyo. Hoja yake ni kwamba programu ni sarufi iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji asiyejua lugha yetu hata kidogo. Kwa hiyo anayeiandika ndiye anayeamua usemi wa nani utaonekana na wa nani utafutika.

1. Vifaa

Tutatumia Python, lugha ya programu iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Haiuzwi. Hufanya kazi katika kompyuta ya zamani, hata katika simu ya Android, na ukishaiweka huhitaji intaneti. Maneno yake maalumu ni 35 tu. Yametoka katika Kiingereza, lakini majina tunayoyatunga sisi wenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili. Umeme ukikatika, chukua daftari: andika mistari yako, kisha jifanye wewe ndiwe mashine, ukitekeleza mstari mmoja baada ya mwingine. Zoezi hilo hufundisha kuliko kunakili programu ya mwenzako.

2. Sharti na kitanzi

Tuiambie kompyuta kanuni tuliyoisoma tangu shule ya msingi: nomino inayoanza na "m" huchukua "wa" katika wingi.

maneno = ["mtu", "mtoto", "mwalimu", "mti"]
for neno in maneno:
    if neno.startswith("m"):
        print("wa" + neno[1:])

Mstari wa kwanza unaunda kigeu, yaani jina tunalolipa thamani. Hapa thamani ni orodha ya maneno manne. Mstari wa pili ni kitanzi: "kwa kila neno lililomo katika orodha, fanya yafuatayo." Wa tatu ni sharti: "ikiwa neno linaanza na m." Wa nne unaandika jibu kwenye kioo. Alama [1:] inamaanisha "chukua kuanzia herufi namba 1," na kwa kuwa Python huanza kuhesabu na 0, herufi namba 1 ni ya pili. Basi "mtu" linabaki "tu," tunatanguliza "wa," tunapata "watu."

Nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mistari si pambo. Ndizo zinazoonyesha mstari upi uko chini ya upi, kama kishazi tegemezi chini ya kishazi kikuu. Ukizisahau, mashine itasimama na kukuandikia IndentationError. Ukiandika "Neno" mahali pa "neno," itakuambia NameError, maana kwake hayo ni majina mawili tofauti. Anayeanza huogopa ujumbe wa namna hii. Usome kwa utulivu, ukianza na mstari wake wa mwisho: hapo ndipo kosa linapotajwa.

3. Kosa lisilopiga kelele

Endesha programu hiyo. Majibu ni "watu," "watoto," "wawalimu" na "wati." Hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Kompyuta imetii kikamilifu. Kanuni yetu ndiyo pungufu.

"Wawalimu" linatokana na kusahau kwamba mbele ya irabu kiambishi kina umbo la "mw." Turekebishe:

    if neno.startswith("mw"):
        print("w" + neno[2:])
    elif neno.startswith("m"):
        print("wa" + neno[1:])

Neno "elif" lina maana ya "la sivyo, ikiwa." Kanuni mahususi imetangulia, ya jumla imefuata. Ukizigeuza, "mwalimu" litanaswa na kanuni ya jumla na ile mahususi haitafikiwa kamwe. Sasa tunapata "walimu." Lakini jaribu "mwizi": utapata "wizi," neno halali la Kiswahili lenye maana nyingine kabisa. Tulitaka "wezi," ambamo "a" na "i" zimeungana kuwa "e." Kosa la aina hii ni la hatari kwa sababu linafanana na jibu sahihi, na ni mjuzi wa lugha tu anayeweza kuliona.

"Wati" ni tatizo jingine. Hakuna herufi yoyote katika "mti" inayotuambia kwamba neno hili haliko pamoja na "mtu." Umbo halitoshi, lazima mtu aseme. Hapa zile namba za ngeli tulizozikariri, tulizorithi kutoka kwa Bleek na Meinhof, zinapata kazi:

ngeli = {"mtu": 1, "mtoto": 1, "mwalimu": 1, "mti": 3}

Hii ni kamusi, na Python yenyewe huiita hivyo. Sharti letu sasa linaweza kuuliza: if ngeli[neno] == 1. Alama moja ya usawa hutoa thamani, mbili huuliza kama thamani ni sawa. Neno lisilomo katika kamusi husimamisha programu kwa ujumbe KeyError. Tuushukuru ujumbe huo: ni afadhali mashine ikiri kwamba haijafundishwa kuliko kubuni "wati."

4. Kiswahili cha nani?

Turudi kwenye mahojiano yetu. Lubumbashi watu husema "mutoto" na "batoto," "muntu" na "bantu." Ukiipa programu ya kwanza neno "mutoto," itajibu "wautoto." Ukihesabu maneno yanayoanza na "wa" katika mazungumzo ya namna hiyo, huenda ukapata karibu sufuri, na msomaji wa jedwali lako atadhani wasemaji hao hawana wingi. Wanao, programu ndiyo haikuwasikiliza.

Tuhesabu basi "ba":

matini = "Batoto banalala. Baba anaenda ku kazi."
idadi = 0
for neno in matini.lower().split():
    if neno.startswith("ba"):
        idadi = idadi + 1
print(idadi)

Hapa lower() inageuza herufi zote kuwa ndogo, na split() inakata matini mahali penye nafasi. Jibu ni 3. Lakini tazama ni yapi: "batoto" ni nomino ya wingi, "banalala" ni kitenzi chenye upatanisho, "baba" halina kiambishi hicho kabisa. Nomino ya wingi tuliyoitafuta ni moja. Anayepeleka 3 kwa msimamizi wake amepeleka hesabu sahihi ya kitu ambacho hakuulizwa. Kwa hiyo, kabla ya kuamini idadi yoyote, ongeza print(neno) ndani ya sharti na uyasome maneno yenyewe kwa macho.

5. Hitimisho

Mashine hubeba mzigo wa kuhesabu. Kujua kinachohesabiwa kunabaki kwetu. Tukiwaachia wengine kuandika programu za Kiswahili, usemi wa wazazi wetu utahesabiwa kuwa makosa, au hautahesabiwa kabisa. Mistari sita iliyoandikwa na mtu anayejua tofauti ya "watoto" na "batoto" ni mwanzo wa kutosha.

Mazoezi

1. Ongeza kanuni inayogeuza "mutoto" kuwa "batoto." Ni lazima ikae juu au chini ya ile ya "m"? Eleza sababu.
2. Andika kanuni ya ki-/vi-, kisha ijaribu kwa "kiti," "chakula" na "kijana." Lipi kati ya majibu ni sahihi kwa umbo, lakini upatanisho wake katika sentensi utaisumbua mashine?
3. Chukua ukurasa mmoja wa mahojiano yako. Hesabu "ba" kwa mkono, kisha kwa programu. Zikitofautiana, tafuta nani amekosea.