Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Kaunta ya Simu

Kwa miaka mingi nimeuza laini, nimetengeneza simu na kutuma pesa za watu Kongowea, Mombasa, hatua chache kutoka sokoni. Wateja huniletea simu zao wakiwa na hofu: kuna mtu ananifuatilia, kuna mtu anasoma ujumbe wangu, hii simu inanisikiliza. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Nilichojifunza ni kwamba mara nyingi watu wanalinda dirisha huku mlango uko wazi. Nawaandikia hasa nyinyi vijana mnaofungua biashara, mnaotafuta kazi, mnaotaka uongozi kesho. Simu ndiyo ofisi yenu, na mengi yaliyomo si yenu peke yenu.

1. Nambari ulizohifadhi ni za wenyewe

Asubuhi moja nilipigiwa na mtu nisiyemjua. Kwa sauti ya ukali akanitaka nimwambie mama fulani alipe mkopo wake siku hiyo hiyo, akamtaja kwa majina yote matatu. Nilishangaa. Mama huyo si ndugu yangu na sikumdhamini popote. Ni muuza mboga anayekuja kwangu jioni kuweka pesa zake akishafunga kazi.

Alipokuja tukaifungua simu yake pamoja, nikajiona humo. Alikuwa amenihifadhi kwa jina la "Mpesa Kongowea", na hilo lilitosha. Siku ile walikuwa wamepigiwa pia mwalimu wa mwanawe, mwenye nyumba, na mwekahazina wa chama chake. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 2,000. Alilia pale kaunta, na kilichomliza si deni. Ilikuwa ile safari ya kwenda kikaoni Jumapili kukaa mbele ya wenzake wa chama.

Programu ya mkopo ilikuwa imeomba ruhusa ya kuona nambari na ujumbe wake, naye akabonyeza "Ruhusu" kama anavyofanya yeyote mwenye shida ya pesa. Hapo ndipo nilipoelewa faragha kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa: ruhusa aliitoa mmoja, lakini walioguswa ni wote waliomwamini kwa nambari zao. Mwalimu hakuulizwa. Mwenye nyumba hakuulizwa.

Tangu 2023 Google imezuia programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake zisiombe nambari wala picha za mtumiaji. Ni hatua njema, ila haiigusi programu unayotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp ukaiweka mwenyewe. Ingia kwenye Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, upitie moja moja. Tochi haina kazi na nambari za watu. Ramani inahitaji kujua ulipo, lakini wakati unapoitumia tu.

2. Simu haihitaji kukusikiliza

Kijana mmoja aliniapia kwamba alizungumza na mchumba wake habari za makochi, na jioni akaona matangazo ya makochi. Alitaka nitoe maikrofoni.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000. Hawakupata hata moja iliyowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokuta ni programu zilizokuwa zikirekodi skrini, yale mtu anayogusa na kuandika, na kuyapeleka kwa kampuni nyingine. Mimi hilo lilinitisha kuliko maikrofoni.

Tulipokaa na yule kijana akakumbuka kwamba mchumba wake alikuwa ametafuta bei za makochi mtandaoni, wakiwa nyumba moja, wanatumia Wi-Fi moja. Mahali ulipo, mtandao unaotumia, ulichotafuta, uliyekaa naye: vikikusanywa pamoja vinasema mengi bila sauti yako. Ndani ya simu kuna pia kitambulisho cha matangazo, nambari ndefu inayowawezesha wauza matangazo kujua kwamba aliyefungua programu hii ndiye yule yule aliyefungua ile. Kwenye Android nyingi za sasa kiko chini ya Faragha, Matangazo, nawe unaweza kukifuta. Kwenye iPhone, tangu 2021 programu lazima iombe ruhusa kwanza kabla ya kukufuatilia katika programu na tovuti za kampuni nyingine. Kataa, hakuna kitakachoharibika.

Na lile dirisha la siri la kivinjari huficha historia yako kwa wenzako wanaotumia simu ile ile, basi. Tovuti unayoingia bado inakuona.

3. Anayesoma ujumbe wako huenda unamjua

Hili nalisema kwa uzito. Dada mmoja alikuja akiamini simu yake imeingiliwa na wadukuzi, kwa sababu kila alichomwandikia mamake kilijulikana nyumbani. Nilifungua WhatsApp, nikagusa "Vifaa vilivyounganishwa". Kompyuta moja ilikuwa imeunganishwa kwa muda mrefu, na saa iliyotumika mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ile. Mtu alichukua simu yake dakika moja tu, akachanganua ile alama ya mraba ya QR kwa kuunganisha kompyuta, akairudisha simu mezani. Hakuna virusi wala utaalamu.

Nilitaka kuiondoa papo hapo. Dada akanishika mkono, akasema tukiiondoa sasa, mwenye kompyuta ile atajua, na usiku yeye atalala naye nyumba moja. Ushauri mzuri wa simu unaweza kumweka mtu hatarini. Aliondoka bila kugusa kitu, akaenda kwanza kwa shangazi yake, na kompyuta ile tuliiondoa akiwa huko.

Tangu hapo, akija mume na simu ya mke, au mke na simu ya mume, akitaka nitoe neno la siri, jibu langu ni moja: simu ije na mwenyewe. Wamenikasirikia wengi. Na wewe angalia vifaa vyako vilivyounganishwa mara kwa mara, kisha piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwa nambari nyingine.

4. Neno la siri lililoko kwenye daftari la saiba

Wako wahitimu wenye shahada ambao akaunti zao za eCitizen na za kodi zilifunguliwa na kijana wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti, na neno la siri analo yeye kwenye daftari lake. Likihitajika, mwenyewe anarudi kumwomba. Ndani ya akaunti hizo kuna kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, mapato, biashara. Badilisha neno hilo leo ukiwa kwenye simu yako. Ukishamaliza, piga *106# kutoka kwenye laini yako ya Safaricom uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua.

5. Sheria ipo, na ina meno

Muuza mboga wangu aliamini hana la kufanya kwa kuwa kweli anadaiwa. Kudaiwa hakumpi mdai haki ya kuwapigia jirani zako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna huyo mtandaoni, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Hata wewe uliyepigiwa tu kwa deni la mwingine unaweza kulalamika, maana nambari iliyotumika ni yako. Piga picha ya skrini kabla hujafuta ujumbe, hakikisha nambari ya aliyetuma, tarehe na saa vinaonekana, na uandike jina la programu kama lilivyo kwenye simu. Kwa kesi ya mama wa mboga tulikaa watatu pale kaunta, yeye, mwekahazina wa chama na mimi, kila mmoja na picha zake za skrini, tukatuma malalamiko matatu.