Mlio katika Injini: Somo la Uchunguzi

Kombi tuitumiayo kupeleka wanafunzi kwenye kazi za nje ilianza kutoa mlio wa ajabu: tak, tak, tak, mara tu injini iwashwapo asubuhi. Baada ya mwendo wa robo saa mlio hupotea. Fundi aliyeitwa kwanza alisikiliza kwa dakika moja, akakata shauri kwamba beringi za konrodi zimekwisha, na kwamba injini yote yapasa kushushwa. Gharama aliyoitaja ingefuta safari zetu zote za mwaka. Tuliomba siku chache, tukaligeuza tatizo kuwa somo. (Siku chache, kwa sababu kila jaribio lilitaka injini iliyopoa.)

Kwanza tulihesabu. Katika injini ya mipigo minne, krankshafti huzunguka mara mbili kwa kila mwako mmoja wa silinda. Kamshafti, ifunguayo vali, huzunguka mara moja tu katika muda huohuo. Kipimo cha mizunguko kilionyesha 720 kwa dakika, yaani 12 kwa sekunde. Milio ya haraka namna hiyo haihesabiki kwa kichwa. Basi mwanafunzi mmoja alidonoa karatasi kwa kalamu akifuata mlio, mwenziwe akiivuta karatasi taratibu, kwa sekunde 10. Vitone vilikuwa 61. Mlio, basi, ulitokea takribani mara 6 kwa sekunde: nusu ya mizunguko ya krankshafti. Feni na altaneta zikaachwa, kwani mikanda haiziendeshi kwa uwiano huo.

Hapa mwalimu na awe mwangalifu. Nusu hiyo haithibitishi kwamba kosa limo katika vali, maana kila silinda nayo huwaka mara 6 kwa sekunde, na beringi iliyolika yaweza kugonga kwa nguvu katika pigo la mwako pekee. Fundi wa pili alizima injini, akachomoa waya wa plagi moja na kuuunganisha na chuma cha gari, akawasha tena. Akarudia hivyo kwa kila silinda. Waya huo hubeba maelfu ya volti, na mwanafunzi asiuguse kamwe injini inapozunguka. Ilipofika zamu ya silinda ya 3, mlio ulikaribia kukoma. Vali zilikuwa hazina hatia, kwani hugonga hata silinda isipowaka. Wakabaki washukiwa wawili: beringi, au gesi inayovuja.

Joto ndilo lililotuongoza. Mafuta ya injini yakipata moto huwa mepesi, kwa hiyo beringi iliyolika hugonga zaidi, si pungufu. Chuma cha kusubu, kwa upande wake, hutanuka takribani sehemu 11 katika milioni kwa kila digrii. Manifoldi ya moshi yenye urefu wa milimita 400, joto lake likipanda kwa digrii 400, huongezeka karibu milimita 1.8. Mwanya mdogo waweza kuzibika kwa mtanuko huo.

Tulisikiliza kwa vyombo viwili. Bisibisi ndefu, ncha juu ya injini na mpini sikioni, hupokea mitetemo ipitayo ndani ya chuma; kipande cha mpira wa maji hupokea sauti ipitayo hewani. Bisibisi haikuleta kishindo chochote cha pekee. Mpira ulipokaribia mlango wa moshi wa silinda ya 3, mwanafunzi aliondoa sikio kwa mshtuko. Tochi ilionyesha masizi kandokando ya gasketi, na boliti moja imekatika.

Matengenezo yalichukua nusu siku. Lakini injini ya kombi hii iko chini ya viti vya mbele, na moshi uliokuwa ukivuja una kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa majuma kadhaa dereva alikuwa amelalamika kwamba kichwa humuuma kila asubuhi. Sisi tulimwambia anywe maji.

Zoezi: Injini ya mipigo minne inazunguka mara 900 kwa dakika. Mlio unasikika mara 15 kwa sekunde, wala haubadiliki waya wowote wa plagi ukichomolewa. Utaanza kuchunguza sehemu zipi, na kwa nini?