Somo: Panga Maneno Kwanza, Ndipo Uandike Kurasa



Kamati ya maendeleo ya parokia inapoamua kuwa na tovuti, mara nyingi hupanga kurasa zake kama ofisi ilivyopangwa: Kilimo, Afya, Maji, Elimu, Taarifa za Mwaka. Mpango huo unamfaa mtu anayeifahamu ofisi. Lakini mkulima aliyefungua gunia na kukuta punje zimeota ukungu haulizi habari za idara. Anachukua simu, anaandika "mahindi yameota ukungu yanaliwa", kisha anasoma kitakachojitokeza. Ikiwa maelezo yetu yamo ndani ya ukurasa uitwao "Mradi wa Usalama wa Chakula, Awamu ya Pili", hatayafikia.

Somo la robo hii linahusu kukusanya maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta jambo kwenye intaneti, kuyaweka katika makundi, na kuyatumia makundi hayo kuamua kurasa zipi ziandikwe. Kazi hii haihitaji fundi wa kompyuta. Inahitaji karatasi, kalamu, simu moja yenye intaneti na watu wanaokijua kijiji.

Mfano wetu: mahindi na sumukuvu

Tumechagua mfano ambao kosa lake lina gharama kubwa. Sumukuvu hutengenezwa na aina fulani za kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine ambayo hayakukauka vizuri. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na watu wapatao 20 walikufa. Namna ya kukausha na kuhifadhi nafaka ilikuwa inajulikana tangu zamani. Kinachobaki ni maarifa hayo kumfikia mwenye shida, kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Kusanya maneno

Waulize bwana shamba, mhudumu wa zahanati, muuza pembejeo na akina mama wa vikundi: watu huja na swali gani, na huliuliza kwa maneno gani? Andika kama lilivyosemwa, usilisahihishe. Kisha fungua Google, anza kuandika neno "mahindi", na utazame maneno ambayo Google yenyewe inapendekeza. Kama tovuti yenu ipo tayari, huduma ya bure iitwayo Search Console itawaonyesha maneno yaliyowaleta wasomaji. Orodha yenu inaweza kufanana na hii:

1. mahindi yameota ukungu yanaliwa
2. mahindi yenye ukungu kulisha kuku
3. sumukuvu ni nini
4. aflatoksini kwenye mahindi
5. dalili za sumukuvu kwa binadamu
6. jinsi ya kukausha mahindi
7. kujua kama mahindi yamekauka
8. dumuzi wa mahindi
9. skania mahindi dawa
10. wadudu wanaotoboa mahindi
11. kuhifadhi mahindi bila dawa
12. mifuko ya kuhifadhia mahindi
13. bei ya mifuko ya kuhifadhia mahindi
14. bei ya turubai la kuanikia

Hatua ya 2: Panga kwa haja ya mtu

Andika kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, mvitandaze mezani, kisha mvipange pamoja. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Maneno yaunganishwe kwa kufuata haja ya anayetafuta. Kufanana kwa herufi kunaweza kuwapotosha.

Tazama namba 9 na namba 11. Yote mawili yana neno "dawa", lakini wa kwanza anataka dawa na wa pili anaikwepa. Ukiwaweka kwenye ukurasa mmoja, mmoja wao ataondoka bila jibu. Sasa tazama namba 8 na 9. "Dumuzi" na "skania" hayafanani hata kidogo, ila ni mdudu yule yule. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la lori, na Kenya wapo waliomwita "osama". Majina hayo yote ni ya kundi moja, na ukurasa wake hauna budi kuyataja yote.

Mkibishana juu ya maneno mawili, jiulizeni: je, jibu moja lingewatosha watu wote wawili? Kama ndiyo, yaunganisheni. Pia mnaweza kuyaandika kwenye Google moja baada ya jingine. Yakileta karibu kurasa zile zile, ni dalili kwamba ukurasa mmoja unatosha. Yakileta kurasa tofauti kabisa, yatenganisheni.

Hatua ya 3: Kila kundi na ukurasa wake

Kwa njia hiyo, maneno yetu 14 yanazaa kurasa sita:

A. Mahindi yenye ukungu: je, yanaliwa? (1, 2, 3, 4) Jibu liwe kwenye mstari wa kwanza: yasiliwe, wala wasipewe mifugo, maana sumu hudhuru mifugo pia na huweza kupita kwenye maziwa. Maelezo ya sumukuvu ni nini yafuate chini yake.

B. Dalili za sumukuvu. (5) Anayeandika maneno haya huenda ana mgonjwa ndani. Ukurasa uwe mfupi: macho kuwa ya manjano, kutapika, tumbo kuuma au kujaa; mpeleke kituo cha afya mara moja, na mweleze mhudumu chakula alichokula.

C. Kukausha mahindi. (6, 7) Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atumie chupa ya kioo iliyo kavu: atie punje na chumvi kavu kidogo, atikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu.

D. Dumuzi na wadudu wengine. (8, 9, 10)

E. Kuhifadhi bila dawa. (11, 12) Hapa yaelezwe mapipa, vihenge vya chuma na mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wadudu wake hufa kwa kukosa pumzi. Msisitize kwamba mahindi mabichi hayafai kufungiwa humo.

F. Bei na mahali pa kununua. (13, 14) Bei hubadilika. Kama hakuna mtu wa kuisahihisha kila msimu, ni heri ukurasa huu usiandikwe.

Juu ya kurasa hizo uwepo ukurasa mmoja mama, "Kuhifadhi mahindi salama", unaoeleza habari yote kwa ufupi na kumwelekeza msomaji kwenye kila ukurasa mdogo. Kurasa ndogo nazo zielekezane. Anayesoma C aelekezwe E, kwa kuwa baada ya kukausha ndipo huja kuhifadhi. Msiandike kurasa mbili kwa kundi moja, kwani zitashindana zenyewe kwa zenyewe, na msomaji hatajua ipi aiamini.

Hatua ya 4: Amueni kipi kianze

Vipo vyombo vinavyokadiria neno fulani hutafutwa mara ngapi. Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, ni mojawapo. Kwa maneno mengi ya Kiswahili chombo kitasema hakuna takwimu za kutosha. Msielewe kwamba hakuna anayetafuta. Maana yake ni kwamba hesabu ni ndogo mno kuonyeshwa. Kundi B linaweza kutafutwa na watu wachache kuliko kundi F, lakini hao wachache ndio wenye mgonjwa. Kwa hiyo pimeni mambo matatu: hatari iliyopo, idadi ya wanaouliza, na kama kamati ina mtu mwenye ujuzi wa kulijibu swali hilo. Kurasa B na D zipitiwe na mhudumu wa afya na bwana shamba kabla ya kutolewa.

Tahadhari

Wapo wanaodhani kazi ya makundi ni kurundika maneno yale yale ndani ya ukurasa ili uonekane. Google huhesabu jambo hilo kuwa udanganyifu, na msomaji huchoshwa nalo. Zamani wenye tovuti walikuwa pia wakificha orodha ya maneno ndani ya ukurasa; mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga matokeo yake. Tumieni neno la watu kwenye kichwa cha habari na kwenye aya ya kwanza, kisha andikeni kama mnavyozungumza.

Neno kwa wafadhili

Mnapopokea taarifa ya mradi wa tovuti, msiishie kuuliza kurasa ni ngapi. Ombeni kuona karatasi ya makundi. Kurasa sita zinazojibu maswali sita ya kweli zinafaa kuliko sitini zinazosifu mradi. Tena makundi hayo hayo yanaweza kutumika kupanga vipindi vya redio, vipeperushi na mafunzo ya vikundi, kwa ajili ya wale wasio na simu ya intaneti.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu, watu huuliza swali gani mara kwa mara, na kwa maneno gani?
2. Mdudu, ugonjwa au zao gani lina majina zaidi ya moja hapa kwetu? Je, maandishi yetu yanayataja yote?
3. Chagueni ukurasa mmoja wa tovuti yetu. Unajibu haja ya nani?
4. Nani atapitia makundi haya kabla ya kila mavuno, na atatoa taarifa kwenye kikao gani?