Hewa Iliyofungwa Darini

Mchana wa jua kali huko Shinyanga, nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi huwa na ubaridi, ilhali chumba cha bati hufukuta. Sababu ni nini? Baina ya mabua ya nyasi imo hewa iliyotulia, na hewa hiyo hupitisha joto kidogo mno. Bati ni chuma chembamba. Hupitisha joto upesi.

Povu la poliuritheni, zao la kemia iliyovumbuliwa na Otto Bayer wa Ujerumani mwaka 1937, hufuata kanuni hiyo. Likinyunyizwa chini ya bati hufura, kisha huganda likiwa limefungia gesi katika vijishimo vidogo.

Geita, karibu na Ziwa Viktoria, unyevu ni mwingi zaidi. Usiku bati hupoa, na mvuke wa chumbani hugeuka matone. Povu lenye vijishimo vilivyofungika huzuia mvuke huo usilifikie bati. Lenye vijishimo vilivyo wazi hulowa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Hivyo kizuia-joto kilicholowa hakizuii tena. Paa linalovuja lizibwe na kukaushwa kwanza. Tena povu huwaka na moshi wake ni sumu. Lisiachwe wazi jikoni.

Zoezi: Jazeni maji ya moto makopo mawili yaliyo sawa. Moja lizungushieni nyasi kavu, la pili nyasi zilizoloweshwa. Pimeni halijoto kila dakika 5. Lipi litapoa upesi, na kwa nini?