Yungiyungi Dogo Kuliko Yote

Watoto wa Kibombo wanalijua yungiyungi. Huliona katika maji yaliyotulia: mizizi yake imo topeni, majani yake yanaelea, na ua lake limefunguka juu.

Katika nchi ya Rwanda, mahali panapoitwa Mashyuza, pana chemchemi ya maji ya moto. Mwaka 1987 Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliona hapo yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimeta 1 tu. Nalo halikuelea kama mengine, bali lilikaa katika tope, mahali ambapo maji yamekwisha poa. Mimea michache ilipelekwa katika bustani ya mimea ya mji wa Bonn.

Ilikuwa bahati njema. Watu waliyatumia maji ya chemchemi kupita kiasi, tope likakauka, na mwaka 2008 yungiyungi halikuonekana tena pale.

Mbegu zake zilipelekwa Kew, bustani kubwa ya London. Huko Carlos Magdalena alizitia ndani ya maji, kama mbegu za mayungiyungi mengine. Ziliota, lakini miche ikadhoofika na kufa. Kwa nini? Magdalena akafikiri: kwao mmea huu hukaa topeni, na majani yake yako hewani. Jani huvuta kaboni dioksidi katika hewa ili kutengeneza chakula cha mmea. Chini ya maji haikupata ya kutosha. Basi akapanda miche katika vyungu vya tope, akaviweka katika maji ya vuguvugu, digrii 25 hivi, uso wa tope ukiwa sawa na uso wa maji. Miche ikakua, na Novemba 2009 ua likachanua.

Mwaka 2014 mwizi aliiba mche mmoja Kew. Lakini mingine ilibaki, kwa maana kitu adimu hakiwekwi kimoja tu.

Mwaka 2023 wataalamu waliona tena yungiyungi hili likiota lenyewe nchini Rwanda. Bustani yaweza kuutunza mmea; chemchemi yenyewe hutunzwa na wale wakaao karibu nayo.

Maswali
1. Kwa nini yungiyungi lilitoweka Mashyuza?
2. Miche ya kwanza ilikufa kwa sababu gani?
3. Taja mmea wa majini ulio karibu na kwenu. Unahitaji nini ili uishi?