Ukikutana na Bosi wa Teknolojia Unayemkubali, Mpe Habari za Mwaloni

Wengi wakimpata bosi wa kampuni kubwa ya teknolojia humwagia sifa, wakapiga picha, wakaachana. Mimi ni wakala wa fedha kwa simu hapa mwaloni, panaposhushwa samaki, Makoko, Musoma, na nakushauri hivi: salamu fupi, sifa sentensi moja, kisha mweleze jambo la kwenu ambalo akiwa ofisini hawezi kuliona.

Nafasi hiyo niliipata kwenye mkutano wa mawakala Mwanza. Mkurugenzi mmoja, mama ambaye kazi zake nimezifuatilia tangu akiwa mhandisi, alikuwa anatoka ukumbini.

“Shikamoo mama. Natokea Makoko, Musoma. Huduma yenu ndiyo inayosomesha wanangu. Nina jambo moja: kwetu keshi inafuata mwezi.”

Akasimama.

Dagaa, nikamwambia, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, wachuuzi wana hela kwenye simu, wavuvi wanataka noti mkononi, basi kila mtu anataka kutoa. Benki za mjini hazijafunguliwa na keshi yangu imekwisha. Imebaki floti tu, yaani hela ya kwenye simu, isiyomfaa mvuvi. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wanapumzika na noti zinalala drooni. Anayesoma ripoti bila kujua habari za mwezi atadhani wakala ni mzembe.

Maneno kama hayo yana uzito zaidi kuliko tunavyodhani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliilenga kwenye urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na leo nani hajaambiwa “tuma na ya kutolea”? Hata Mark Zuckerberg, alipofika Nairobi Septemba 2016, alisema amekuja kujifunza kuhusu fedha kwa simu. Akaenda kula ugali na samaki mzima kwenye mgahawa wa Mama Oliech. Mtu wa namna hiyo ana njaa ya habari za kweli, na wewe unazo.

Kwa hiyo jiandae. Chagua jambo moja tu, umsimulie wakala mwenzako mpaka lienee kwenye mwendo wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Muamala wako uliokwama upeleke huduma kwa wateja. Tozo kama ile ya miamala iliyoanza Julai 2021 hupitishwa na Bunge, kwa hiyo hilo ni la mbunge wako. Ajira pia usiombe pale. Utamlazimisha akujibu kwa adabu aondoke. Na kama bosi ni kijana wa rika lako, salamu ya “habari za kazi, kaka” inatosha, huna haja ya kunyenyekea.

Picha iwe ya mwisho. Kabla yake uliza swali moja, ambalo kwangu ndilo lililozaa matunda: “Nani ofisini kwako nimpelekee taarifa hizi?” Mama alimwita msaidizi wake, nikapewa namba. Giza likikaribia, namwandikia yule msaidizi tarehe ambazo mawakala wa mwaloni tutahitaji keshi.